Kuona Si Kufika

Sisi tuliosoma vyuoni katika Mji wa Kale, Mombasa, miaka ya sabini, hatuwezi kukisahau kidude kimoja cha plastiki. Hujaji akirudi, pamoja na maji ya Zamzam, tende, tasbihi na miswala, hakukosa kuwaletea watoto wa nyumbani kikamera kidogo kisichopiga picha. Ukikitia jichoni, ukakielekeza penye mwanga na kubonyeza kifungo, unaiona Alkaaba. Ukibonyeza tena unauona Msikiti wa Mtume, Madina. Ukibonyeza tena unayaona mahema ya Mina, meupe, yamepangana kama mayai katika sinia. Picha zikisha, zinarudi mwanzo.

Cha kwetu kililetwa na ami yangu. Tulikinyang'anyana watoto saba mpaka nyanya yangu, mama wa mama, alipotunyamazisha akakitaka yeye. Aliliziba jicho moja kwa leso, akazitazama picha zote kimya, moja baada ya moja, kisha akakirudisha akasema, "Nimeona. Sasa Mola anifikishe." Hakufika. Mauti yalimtangulia, Mola amrehemu, na kidude kile kikabaki kabatini pamoja na vikombe vya kahawa.

Nimekikumbuka kidude hicho, ndugu msomaji, kwa sababu miezi michache iliyopita ndugu yake mkubwa alibisha hodi nyumbani kwangu, na bei yake mkononi.

Naishi Uthiru, upande wa magharibi ya Nairobi, kando ya barabara ya Naivasha, jirani na kile kituo cha kimataifa cha utafiti wa mifugo, ILRI. Mama yangu mzazi, ambaye umri wake umepita themanini, tumemtoa Kibokoni tukamleta huku ili awe karibu na matibabu ya magoti. Ngazi za ghorofa zimemshinda. Kutwa hukaa kitini dirishani, na dirisha lenyewe halina la kumwonyesha ila kamba za nguo na matangi ya maji ya majirani. Kibokoni alikuwa akisikia adhana kabla hajaamka vizuri. Hapa huuliza saa.

Basi jioni moja binti yangu, ambaye hufanya kazi mjini, akaniambia, "Baba, mimi naona tumnunulie Nyanya miwani ya VR. Fedha nimeziweka. Aione Makka, atembee kidogo, kuliko kutazama matangi ya watu."

Chombo hicho, vijana wa Nairobi hukiita hivyo hivyo, VR. Waandishi wa siku hizi wameanza kukiita miwani ya uhalisia pepe. Ni kama miwani ya mzamia mbizi, lakini mbele imezibwa, na ndani mna skrini na lenzi mbili, moja kwa kila jicho. Ukiivaa, chumba kinapotea. Ukigeuza shingo kulia, unaona kilichoko kulia kwa mahali unapoonyeshwa. Ukitazama juu, unaona mbingu za huko.

Nilipozungumza na wenzangu wa barazani kwa simu, nikakuta makundi mawili. La kwanza likasema huo ni mchezo wa watoto, na mtu mzima hana haja ya kuvishwa ndoo kichwani. La pili likafurahi kupita kiasi: sasa hija imesahilishwa, mtu atahiji sebuleni na chai yake pembeni! Nasema waziwazi kwamba makundi yote mawili yamekosea, na kosa la pili ni kubwa kuliko la kwanza.

Si mchezo wa watoto. Mwezi wa Desemba 2021, Sheikh Abdulrahman al-Sudais, aliyekuwa akisimamia Misikiti Miwili Mitukufu, alizindua mpango wa kuwawezesha Waislamu kuliona Jiwe Jeusi, Hajar al-Aswad, kwa miwani kama hii wakiwa majumbani mwao. Ikiwa wenye kuitunza nyumba yenyewe wameona kuna faida, nani wetu atakayesema ni upuuzi? Lakini wenye furaha ya kupita kiasi nao wasikilize. Mapema mwaka 2022 Idara ya Mambo ya Dini ya Uturuki ilibainisha kwamba kuizuru Alkaaba kwa njia hiyo hakuwezi kabisa kuhesabiwa hija. Na hilo halihitaji mtu awe mwanachuoni mkubwa kulifahamu. Hija ni mahali na wakati. Asiyesimama Arafa siku ya tisa ya Dhulhijja hana hija, hata akiwa ameiona Arafa mara elfu.

Basi swali lililobaki kwangu lilikuwa hili: je, miwani ipi, kwa nani, na kwa jambo gani?

Siri ya chombo chenyewe ni kongwe. Mwaka 1838 Mwingereza Charles Wheatstone alieleza kwamba kila jicho hukiona kitu kwa upande wake, na akili ndiyo inayoziunganisha picha mbili zikawa kitu kimoja chenye kina. Mwaka 1939 Wamarekani wakatoa View-Master, kidude cha picha za macho mawili. Kile chetu cha Makka kilikuwa binamu yake maskini, wa jicho moja. Mwaka 1968 Ivan Sutherland akaunda miwani ya kompyuta, nzito hata ikabidi ining'inizwe darini. Mwaka 2012 kijana wa Marekani, Palmer Luckey, akachangiwa fedha na watu ili aunde miwani nyepesi aliyoiita Oculus Rift, na mwaka 2014 kampuni ya Facebook ikainunua kampuni yake kwa takriban dola bilioni 2. Hapo ndipo biashara ilipochacha.

Nikashuka mjini, mtaa wa Luthuli, kwenye maduka ya redio na simu. Muuzaji wa duka moja, kijana mcheshi, akanitolea boksi lenye picha ya mtu aliyeachama kwa mshangao. Shilingi elfu mbili na mia tano! Nikadhani nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Nilipolifungua, ndani hamna skrini wala betri. Ni fremu ya plastiki na lenzi mbili tu, na simu ni yako mwenyewe, unaitumbukiza mbele. Kijana alikuwa ameniambia ni ile ile ya bei kubwa, tofauti ni jina.

Tofauti si jina. Aina hiyo ya kutia simu ilienezwa na Google mwaka 2014, kwa kikasha cha karatasi ngumu walichokiita Cardboard, na mwaka 2021 wenyewe waliacha kukiuza. Aghalabu chombo cha namna hiyo hujua jambo moja tu, kwamba umegeuza kichwa. Ukiinama, hakijui. Ukisogea mbele, ulimwengu wote unasogea pamoja nawe, na tumbo linaanza kulalamika. Kwa kuonja kunatosha. Kwa mama wa miaka themanini si vyema.

Aina ya pili ni ile inayojitegemea, ambayo skrini, betri na kompyuta vyote vimo ndani. Hii ndiyo iliyoenea majumbani. Kampuni ya Meta, ambayo ndiyo Facebook iliyobadili jina mwaka 2021, ilitoa Quest 3 Oktoba 2023 kwa dola 500 kasoro senti, na Quest 3S Oktoba 2024 kwa dola 300 kasoro senti. Ukihesabu dola moja kwa shilingi 130, hizo ni kama shilingi 65,000 na shilingi 39,000, na hapo hujalipa usafiri, ushuru wa forodha wala kodi ya VAT ya asilimia 16. Ipo na Apple Vision Pro, iliyotoka Februari 2024 kwa dola 3,499, yaani zaidi ya shilingi laki nne na nusu. Hiyo tuwaachie wenyewe. Aina ya tatu hufungamana na mashine nyingine. PlayStation VR2 ya Sony, iliyotoka Februari 2023, hutaka uwe na PlayStation 5, ama kompyuta yenye nguvu pamoja na kifaa cha kuunganishia. Mwenye wana wapenda michezo huenda ikamfaa. Mimi sina mashine hiyo, wala mama hachezi mpira.

Binti yangu, kwa busara aliyojaaliwa, hakununua kwanza. Aliazima Quest 3S kwa mwenzake wa kazini, Jumamosi hadi Jumapili. Msomaji, kama hukumbuki lolote katika makala haya, likumbuke hili: azima kwanza. Miwani hii haichaguliwi kwa maneno ya muuzaji wala kwa tarakimu za kwenye boksi. Huchaguliwa kwa kichwa cha mwenye kuivaa.

Tulimkalisha mama kitini, tukamfuta miwani yake ya kawaida, tukamvika na hiyo nyingine juu yake. Binti akamfungulia picha za Makka, zile zilizopigwa pande zote. Mama akanyamaza. Kisha akaanza kugeuka pole pole, kulia, kushoto, nyuma, huku midomo yake ikisoma. Akanyoosha mkono kama anayetaka kugusa kitu, akakiangusha kikombe cha chai. Mjukuu akacheka, nami nikamnyamazisha kwa jicho. Haikufika dakika kumi, mama akasema kichwa kinamzunguka. Tulipomvua, mifupa ya mashavu ilikuwa na alama nyekundu.

Nikamuuliza, "Umeona nini, mama?"

"Nimeona, mwanangu," akasema. "Msikiti nimeuona, na watu nimewaona. Lakini sikusikia joto, wala hapana mtu aliyenisukuma. Yuko mtu aliyetufu akarudi hakusukumwa?"

Tulicheka sote. Usiku huo nikayatia maneno yake katika ubeti, kwa kuwa ndiyo kazi niijuayo:

Chombo chenu nimevaa, macho yangu yameona,
Nuru yake imejaa, watu tele wabanana,
Kumbe bado nimekaa, kitini tangu mchana,
Kuona japo hufaa, kufika kuna maana.

Katika dakika zile kumi nilijifunza mambo ambayo duka halikuniambia, nami nayatoa hapa kwa faida ya msomaji anayefikiri kununua.

La kwanza ni shingo. Quest 3 na 3S kila moja ina uzito wa zaidi ya nusu kilo, na uzito huo karibu wote uko usoni. Kijana haoni taabu. Mtu mzima mwenye maumivu ya shingo ataona. Ukanda wa kitambaa unaokuja na miwani ni mwembamba, na ukanda mgumu wenye kukaza kisogoni hugawanya uzito, lakini huo hununuliwa mbali. Uutie katika hesabu yako tangu mwanzo.

La pili ni macho. Umbali kati ya mboni mbili haulingani kwa watu. Watu wazima wengi wako karibu na milimita 63, wengine wamepungua na wengine wamezidi. Quest 3S ina vituo vitatu tu vya kuziweka lenzi, milimita 58, 63 na 68. Quest 3 ina gurudumu la kuzisogeza kidogo kidogo mpaka uridhike. Lenzi zisipolingana na macho, picha hufifia na kichwa huuma. Na mwenye miwani ya daktari ahakikishe inaingia bila kukwaruza lenzi. Baada ya lile Jumamosi nilifahamu kwamba sehemu ya kizunguzungu cha mama ilitokana na sisi, kwa kuwa hatukuzigusa lenzi kabla ya kumvika.

La tatu ni kizunguzungu chenyewe. Jicho linasema tunakwenda, na sikio la ndani, ambalo ndilo mizani ya mwili, linasema tumekaa. Ushahidi ukigongana, mwili hukasirika. Kwa hiyo mgeni aanze amekaa, kwa picha zilizotulia, dakika tano, kisha apumzike. Wazee, waja wazito, na wenye kifafa wamwulize daktari kwanza. Watengenezaji wenyewe huonya hivyo.

La nne ni watoto. Meta walikuwa wakisema chini ya miaka 13 asitumie, na mwaka 2023 wakashusha hadi 10 kwa idhini ya mzazi. Mjukuu wangu ana miaka saba. Alilia, nasi tukamwacha alie.

La tano ni stara, nalo sikulisikia likitajwa na mtu. Miwani hii ina kamera zinazotazama nje, ili ijue ukuta uko wapi, nayo huweza kurekodi na kumwonyesha mtu mwingine kwenye simu kile ambacho mvaaji anakiona. Nyumbani mwetu wanawake hukaa bila ya mtandio. Basi mwenye nyumba ajue ni nani anayevaa, na wapi anatazama, na namna ya kuzuia picha zisitoke.

La sita ni nafasi, jua na umri wa chombo. Kwa kucheza umesimama utahitaji kama mita mbili kwa mbili, na nyumba zetu za kupanga Uthiru hazina ukarimu huo. Kwa kukaa, kiti kinatosha. Wa pwani nawaonya zaidi: usiiache dirishani lenzi zikilitazama jua. Lenzi hukusanya miale kama kioo cha kuwashia moto, na skrini huungua papo hapo. Na mwenye kununua iliyotumika aulize ni toleo gani. Oculus Go iliachwa kuuzwa mwaka 2020, na Quest ya kwanza iliacha kupewa marekebisho ya usalama mwaka 2024. Bei yake rahisi ina sababu.

Hayo ni ya mvaaji. Lakini liko la saba, nalo ndilo lililonishika zaidi: humo ndani mna nini cha kuona?

Jumapili asubuhi, kizunguzungu kilipokwisha, na lenzi tumezilinganisha, mama aliitaka miwani tena. Akauliza, "Mna Kibokoni humu?" Binti akatafuta. Alipata Paris, alipata papa wa baharini, alipata mwezini. Za Mombasa alizozipata zilikuwa za fukwe na mahoteli. Kibaraza cha Kibokoni hakikuwamo, wala mlango wa nakshi alioolewa akapitishwa, wala wachuuzi wa mahamri asubuhi. Mama akasema, "Basi wenye kupiga hawajafika kwetu," akaivua.

Neno hilo lisipite bure. Wenye ujuzi wako. Hapa Nairobi kampuni ya BlackRhino VR imekuwa ikitengeneza picha za namna hii tangu miaka ya 2010. Chuo Kikuu cha Cape Town, kwa mradi wake uitwao Zamani, kimeyapima magofu ya Kilwa Kisiwani kwa miale, ukuta kwa ukuta. Lamu imo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2001, na Kilwa tangu 1981. Ikiwa sisi tutanunua miwani tu na kungoja wengine waijaze, tutawavisha wazee wetu miji ya watu, wafe hawajaiona yao.

Sasa msomaji atauliza, mlinunua? Nitajibu kama yalivyokuwa.

Jioni ya Jumapili mama alimwita binti yangu, akamkalisha karibu, akamwuliza bei. Alipoambiwa, akafumba macho kidogo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, Mola akuzidishie. Macho umenipeleka, nami nimeshukuru. Lakini mimi nataka kupelekewa miguu."

Tulimfahamu. Sheria imemwachia njia mtu aliyeshindwa na mwili hata hawezi safari wala hatarajii kuiweza tena: mwingine humhijia, naye awe ameshajihijia mwenyewe. Mama alikuwa na akiba yake, ya vitumbua na ya bangili alizouza, asiyomwambia mtu. Haikutosha. Akamwomba binti yangu fedha za miwani zitiwe humo, nasi tuliobaki tutie yetu. Nyanya yangu alipokirudisha kile kidude cha plastiki akamwomba Mola amfikishe, sisi watoto tulikimbilia tena picha. Sikutaka nifanye hivyo mara mbili katika umri mmoja.

Kwa hiyo hatukununua. Lakini sisemi msinunue. Mwenye uwezo, na mzee wake haelekei safari yoyote, amnunulie: toleo lenye kulingana na macho yake, ukanda mzuri, na mtu wa kukaa naye. Hiyo ni hisani, na dirisha la matangi ya maji ni kifungo kibaya. Ila amwambie ukweli kwamba hii ni picha. Na lau kuna safari inayowezekana, ya Makka ama ya Kibokoni, fedha ziende kwenye safari kwanza.

Binti yangu ameahidi kwamba Idi ijayo, inshallah, ataazima kamera ya kupiga pande zote, ashuke nayo Mombasa kwa treni, aiweke juu ya kibaraza cha mama tangu alfajiri mpaka watu wanaporudi kuswali. Miwani tutaiazima tena, dakika kumi kumi. Mama ameshatoa maagizo: isiwekwe juu sana, maana yeye hukaa chini, na jirani yake wa upande wa pili aambiwe mapema ili avae vizuri.

Wabillahi tawfiq.